Kuhamisha pochi ya kripto kutoka kompyuta hadi simu bila kuhatarisha sarafu za mtu

Pochi iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta imezoea raha. Ina diski kubwa, ina umeme wa ukutani, na hakuna anayeizima katikati ya kazi. Ukiichukua ilivyo na kuibana ndani ya simu itawaka vizuri tu, hata salio itaonyesha. Kisha siku moja simu itaita wakati muamala unatumwa, mfumo utaiua programu ili upate nafasi ya kumbukumbu, na mwenye pesa atabaki hajui kama zimekwenda au zimebaki. Kosa la namna hiyo haliponi kwa toleo jipya, kwa sababu muamala ukishaingia kwenye mnyororo, yaani daftari la pamoja la miamala yote, haurudi.

Mwongozo huu ni wa mtayarishaji programu ambaye tayari ana pochi ya kompyuta inayofanya kazi, iwe yake au ya chanzo huria, na anataka kuipeleka kwenye simu. Mfano mkuu ni Bitcoin, kwa kuwa viwango vyake vimeandikwa waziwazi katika hati za BIP, yaani mapendekezo ya kuboresha Bitcoin. Monero na Ethereum nitazigusa pale tabia zao zinapotofautiana.

Hatua ya 1: Tenganisha kiini na uso

Pitia msimbo wako utafute kila mahali ambapo kubonyeza kitufe na kutengeneza saini vimeandikwa ndani ya kazi moja. Kwenye pochi za kompyuta maeneo hayo huwa mengi kuliko mwandishi wake anavyokumbuka. Yavunje yote. Unachotaka ni kiini kisichojua kama kuna skrini: kinapewa funguo, historia ya miamala na ombi la malipo, kinarudisha muamala uliosainiwa. Basi.

Electrum, iliyoanza mwaka 2011, ilifika Android kwa njia hii. Kiini chake cha Python kilibaki, uso wa simu ukaandikwa kwanza kwa Kivy na baadaye, kuanzia toleo la 4.4, kwa QML ya Qt. Uso mzima ulibadilishwa bila kugusa funguo za watu. Kama kiini chako kimechakaa kiasi cha kuandikwa upya, tazama Bitcoin Dev Kit: kiini ni kimoja cha Rust, kinachoitwa kutoka Kotlin upande wa Android na Swift upande wa iPhone.

Kuna mtego mmoja hapa. Pochi nyingi za kompyuta ni programu mbili zinazozungumza kwa RPC (moja inaiagiza nyingine) kupitia mlango wa ndani, 127.0.0.1. Usiuhamishie mpango huo kwenye simu. Kwenye Android, programu nyingine yoyote yenye ruhusa ya intaneti inaweza kubisha mlango huohuo. Hata kwenye kompyuta jambo hili limewahi kuleta hatari ya kweli: Januari 2018 Electrum ilitoa toleo la dharura baada ya kubainika kwamba ukurasa wa wavuti uliofunguliwa kwenye kivinjari ungeweza kuongea na RPC yake, na pochi isiyo na nenosiri ingeweza kukombwa. Kwenye simu, kiini kiitwe moja kwa moja ndani ya programu, bila mlango wowote kufunguliwa.

Hatua ya 2: Amua mnyororo utakaa wapi

Huu ndio uamuzi utakaoamua mengine yote. Mnyororo mzima wa Bitcoin umevuka gigabaiti 600. Bitcoin Core inaweza kupunguza inachohifadhi hadi megabaiti 550 hivi, lakini bado lazima ipakue na kukagua kila bloku, yaani kila fungu la miamala, tangu ile ya 2009, na hakuna betri wala bando litakalostahimili hilo.

Satoshi Nakamoto aliliona tatizo hili mapema. Sehemu ya 8 ya andiko lake la 2008 inaeleza jinsi ya kuthibitisha malipo kwa kuhifadhi vichwa vya bloku peke yake. Kichwa kimoja ni baiti 80, na bloku huja wastani wa kila dakika 10, kwa hiyo vichwa vya mwaka mzima havizidi sana megabaiti 4. Simu yoyote inabeba hilo. Swali linalobaki ni jinsi simu itakavyojua miamala ipi ni yake, na hapo kuna njia tatu.

Ya kwanza ni vichujio vya Bloom vya BIP 37, vya mwaka 2012. Viliibeba vizuri sana kizazi cha kwanza cha pochi za simu, lakini vinavujisha anwani za mtumiaji kwa nodi (kompyuta za mtandao wa Bitcoin) anazoziuliza, na tangu toleo la 0.19 la mwaka 2019 Bitcoin Core haivihudumii mpaka mwenye nodi aviwashe mwenyewe. Usijenge juu yake leo.

Ya pili ni vichujio vifupi vya BIP 157 na 158. Nodi inakupa kichujio kidogo cha kila bloku, simu inakikagua yenyewe, na ikiona dalili ya anwani yake inapakua bloku nzima. Faragha ni nzuri. Gharama ni data na muda, hasa pochi inaporejeshwa. Dawa yake ni kuhifadhi tarehe ya kuzaliwa ya pochi, yaani namba ya bloku iliyokuwapo siku pochi ilipoundwa, ili simu isihangaike na miaka ambayo pochi haikuwapo. Ihifadhi tangu siku ya kwanza, na umwombe mtumiaji aiandike pamoja na maneno yake ya kurejeshea, yale yanayoifufua pochi kwenye kifaa kingine.

Ya tatu ni seva za aina ya Electrum: simu inatuma alama za anwani zake, seva inajibu kwa historia yake. Ni nyepesi na ya haraka, ila seva inazijua anwani zako zote.

Mimi ningeanza na njia ya tatu kwa masharti mawili. Simu ikague yenyewe vichwa vya bloku na ushahidi wa Merkle (hesabu fupi inayoonyesha kwamba muamala umo ndani ya bloku) wa kila muamala uliothibitishwa, isiamini neno la seva. Na mtumiaji awe na mahali pa kuandika anwani ya seva yake mwenyewe. Vichujio vifupi viwe chaguo la anayejali faragha kuliko kasi, akiwa kwenye waifai.

Ukichagua seva, usionyeshe kamwe maneno yaliyoandikwa na seva. Desemba 2018 seva za walaghai ziliwatumia watumiaji wa Electrum ujumbe wa hitilafu uliopambwa kama tangazo rasmi, ukiwaambia wapakue toleo jipya. Toleo hilo lilikuwa la wizi, na zaidi ya bitcoin 200 zilichukuliwa. Seva ikirudisha hitilafu, wewe onyesha sentensi yako uliyoiandika mapema.

Kwa Monero, muamala hauonyeshi anwani ya mpokeaji, kwa hiyo simu haina budi kupima kila muamala kwa ufunguo wa kutazama. Maboresho ya mtandao wake ya Agosti 2022 yaliongeza alama ya baiti moja inayoharakisha kazi hiyo, lakini namba ya bloku ya kuanzia inabaki kuwa muhimu mno. Mtumiaji akiiacha wazi, simu itachemka usiku kucha.

Hatua ya 3: Kompaili maktaba za hesabu

Usiandike hesabu za saini upya kwa Kotlin au Swift. Chukua libsecp256k1, maktaba ya saini za Bitcoin, ikompaili kwa NDK ya Android kwa ajili ya arm64-v8a na armeabi-v7a, na kwa iPhone ifungashe kama maktaba tuli. Google Play imedai matoleo ya biti 64 tangu Agosti 2019, na tangu Novemba 2025 programu zinazolenga Android 15 kwenda mbele zinatakiwa kumudu kurasa za kumbukumbu za kilobaiti 16. Kama bado unahudumia simu za biti 32, kagua kila mahali ambapo msimbo wako umechukulia kwamba namba ya ukubwa ni baiti nane.

Hifadhidata ya Berkeley DB iache kwenye kompyuta, tumia SQLite. Bitcoin Core yenyewe ilianza safari hiyo kwa toleo la 0.21 mwaka 2021.

Hatua ya 4: Unasibu, na mahali pa kufungia siri

Ufunguo wa siri ni namba nasibu tu. Ikikisika, pesa zimekwenda, hata kama kila kitu kingine umekifanya kwa usahihi. Agosti 2013 ilibainika kwamba kizalishi cha namba nasibu cha Android kilikuwa na kasoro, na watu wakaibiwa bitcoin kutoka pochi zilizokitegemea, kwa sababu saini mbili zilizotumia namba moja ya siri huufichua ufunguo wenyewe. Mwaka 2023 zana moja ya maktaba ya libbitcoin ilikutwa ikitengeneza siri zenye biti 32 tu za unasibu wa kweli, hata pale ilipoonekana kutoa 256.

Kwa hiyo, unapohamisha msimbo, fuatilia kwa mkono wako unasibu unatoka wapi kwenye jukwaa jipya. Ninamaanisha kuufuata wito hadi mwisho, hadi kwenye mfumo endeshi. Maktaba iliyokuwa inasoma /dev/urandom kwenye kompyuta inaweza, ikikompailiwa kwingine, kuangukia kizalishi dhaifu bila kukuonya. Ifanye ikatae kuendelea isipopata unasibu wa mfumo. Namba ya siri ndani ya saini itengenezwe kwa kanuni ya RFC 6979, ambayo haitegemei bahati.

Sasa hifadhi. Wengi hudhani chipu salama ya simu itaushika ufunguo wa Bitcoin na kusaini ndani kwa ndani. Haiwezi. Secure Enclave ya iPhone inajua mkunjo wa P-256, na Android Keystore nayo haina mkunjo wa secp256k1 ambao Bitcoin na Ethereum hutumia. Kinachowezekana ni hiki: chipu itengeneze ufunguo wa AES au jozi yake ya P-256 usiotoka humo, ufunguo huo uifunge siri ya pochi, na siri ifunguliwe kwa sekunde chache za kusaini kisha ifutwe. Ifute kweli. Mfuatano wa herufi wa Kotlin au Java haufutiki kwa amri yako, kwa hiyo siri ikae kwenye safu ya baiti, ikiwezekana ndani ya kiini cha Rust au C, uijaze sifuri ukimaliza.

Namba ya siri ya kufungulia (PIN) ya tarakimu sita ina uwezekano milioni moja tu, na kompyuta ya mwizi huimaliza upesi. Usiitumie peke yake kufunga faili, lazima iambatane na ufunguo wa chipu. Kwa alama ya kidole, fahamu kwamba Android huweza kuubatilisha ufunguo pale alama mpya inaposajiliwa. Hilo ni jambo jema kiusalama, lakini mtumiaji ambaye hajaandika maneno yake atajikuta nje ya pochi yake mwenyewe. Mwambie kabla, kwa lugha nyepesi.

Mwisho, zima nakala rudufu za mfumo kwa faili za pochi: kwenye Android kwa allowBackup, kwenye iPhone kwa kuchagua daraja la Keychain la kifaa hiki pekee.

Hatua ya 5: Maneno ya kurejeshea

Hapa ndipo watu hupoteza pesa zaidi, kwa hiyo usiharakishe.

Kwanza hakikisha unajua maneno ya pochi yako ni ya aina gani. BIP 39 ina orodha ya maneno 2048. Maneno 12 yanabeba biti 128 na 24 yanabeba 256. Electrum ina utaratibu wake tofauti, ingawa maneno yanafanana kwa macho. Pochi ya simu ikiyasoma maneno ya Electrum kwa kanuni za BIP 39, yanaweza kukataliwa au, mbaya zaidi, kufungua pochi nyingine iliyo tupu. Pia taja njia ya utoaji wa anwani: m/84'/0'/0' haitoi anwani sawa na m/44'/0'/0'. Toleo la simu lijaribu njia zote ambazo toleo la kompyuta limewahi kutumia, hata zile za miaka ya nyuma.

Kibodi ya simu ni hatari ya pekee. Inajifunza maneno, inapendekeza, na nyingine zinatuma unachoandika kwenye mtandao. Tengeneza kibodi yako ndogo ndani ya programu. Maneno ya BIP 39 hutofautiana katika herufi nne za mwanzo, kwa hiyo mtumiaji akigusa herufi nne neno limejulikana.

Nenosiri la ziada la BIP 39 lina ukatili wake: halina jibu baya. Ukiandika "Moto" badala ya "moto" hupati hitilafu, unapata pochi tofauti isiyo na kitu. Na simu hupenda kuanza sentensi kwa herufi kubwa! Zima herufi kubwa za kujiweka, zima masahihisho, na uyapitishe maandishi kwenye usanifishaji wa NFKD kama kiwango kinavyotaka, maana herufi yenye alama juu yake huweza kuandikwa kwa baiti tofauti kwenye kompyuta na kwenye simu.

Picha za skrini zizuie kwa FLAG_SECURE kwenye Android. iPhone hairuhusu kuzuia kabisa, lakini unaweza kufunika skrini programu inapokwenda nyuma. Hii si hofu ya bure: mwanzoni mwa 2025 Kaspersky ilieleza kuhusu programu hasidi iitwayo SparkCat, iliyopenya hadi App Store na Google Play, ikisoma picha za kwenye simu kutafuta maneno ya kurejeshea.

Hatua ya 6: Jiandae kuuawa

Tangu Android 6 ya mwaka 2015 simu iliyotulia mezani huzilaza programu. Kazi ya kujirudia nyuma ya pazia haipewi nafasi chini ya kila dakika 15, na iPhone haiahidi wakati wowote. Pochi ya kompyuta iliyozoea kusikiliza mtandao mchana kutwa itabidi ibadili tabia: ikifunguliwa, ionyeshe salio la mwisho linalojulikana pamoja na saa lilipopatikana, kisha ianze kulinganisha. Salio la jana lililoandikwa kama la sasa ni uongo.

Kutuma pesa kufuate mpangilio huu bila kuruka. Tia alama kwenye masalio (mafungu ya sarafu uliyopokea na hujayatumia) yatakayotumika ili yasichaguliwe mara ya pili. Saini. Andika muamala uliosainiwa kwenye SQLite na uhakikishe umefika kwenye hifadhi. Ndipo utume. Programu ikifufuka na kukuta muamala usio na jibu, itume uleule, baiti kwa baiti. Kuurudia ni salama, kwani mtandao utautambua kuwa ni mmoja. Kosa ni kutengeneza muamala mpya kwa masalio mengine, hapo mpokeaji atalipwa mara mbili. Nimewahi kuliandika kosa hili mimi mwenyewe kwenye mtandao wa majaribio, na lilijificha wiki kadhaa kwa sababu mtandao wangu ulikuwa mzuri na programu haikuwahi kukatwa katikati.

Hatua ya 7: Kiasi na anwani kwenye skrini ndogo

Kiasi kihifadhiwe kama namba nzima ya kipimo kidogo kabisa. Bitcoin ina nafasi 8 za desimali, Monero 12, Ethereum 18, na hiyo ya mwisho haitoshi ndani ya biti 64. Kisha kuna mkato. Kibodi za baadhi ya lugha hutoa mkato badala ya nukta, na msimbo wa kompyuta uliozoea nukta unaweza kuufuta mkato na kuigeuza 0,5 kuwa 5. Kubali vyote viwili, na kabla ya kusaini onyesha kiasi tena kwa namna isiyo na utata.

Anwani usiikate katikati kwa nukta tatu kwenye skrini ya kuthibitisha. Ionyeshe nzima, kwa makundi ya herufi nne. Kuna programu za wizi zinazobadilisha anwani iliyonakiliwa, kwa hiyo utangulize msimbo wa QR mbele ya kunakili na kubandika. Anwani za bech32 ziandike kwa herufi kubwa ndani ya QR, kiwango kinaruhusu, na picha inakuwa nyepesi kusomwa na kamera dhaifu.

Hatua ya 8: Pochi moja, vifaa viwili

Mtumiaji wako wa kompyuta hataiacha kompyuta. Atataka pochi ileile pande zote mbili, na jibu salama zaidi ni kuanza na simu ya kutazama tu: ipe ufunguo wa umma uliopanuliwa, ionyeshe salio na kutoa anwani za kupokelea, na saini ibaki kwenye kompyuta kwa kupitisha muamala wa muundo wa PSBT (muamala ambao bado haujakamilika saini), BIP 174, kupitia QR. Ningeshauri toleo lako la kwanza kabisa liwe hili. Likikosea, linaonyesha namba mbaya, ila halipotezi sarafu.

Ukiruhusu maneno yaleyale pande zote mbili, kumbuka kikomo cha pengo: pochi nyingi huacha kutafuta baada ya anwani 20 mfululizo zisizotumika, hivyo simu iliyotoa anwani nyingi huweza kuficha malipo machoni pa kompyuta. Majina ya miamala hayahami na maneno. Na kama pochi ina njia za Lightning, mtandao wa malipo ya haraka juu ya Bitcoin, kataa kabisa kuziendesha kwenye vifaa viwili. Hali ya zamani ya njia ikitangazwa, upande wa pili una haki ya kuchukua salio lote.

Hatua ya 9: Jaribu kwa ukatili

Anza na maneno ya majaribio yanayojulikana na wote: "abandon" mara kumi na moja kisha "about". Kwa BIP 84 anwani ya kwanza lazima iwe bc1qcr8te4kr609gcawutmrza0j4xv80jy8z306fyu. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, simama hapo. Baadaye nenda signet au regtest, mitandao ya majaribio ya Bitcoin, uiue programu kwa adb (zana ya kuiamuru Android kutoka kompyuta) katika kila hatua ya kutuma, uwashe hali ya ndege katikati, ujaze hifadhi hadi iishe, ubadilishe lugha ya simu. Tumia simu ya zamani yenye kumbukumbu ndogo, maana kiigizi cha kwenye kompyuta kinakupa raha ileile unayoikimbia.

Hatua ya 10: Toa

App Store inapokea pochi kutoka kwa akaunti za taasisi tu, si za mtu binafsi, kwa hiyo anza usajili mapema. Chapisha msimbo, na ikiwezekana ufanye ujenzi unaorudiwa, ili mtu mwingine akikompaili apate faili ileile uliyoiweka dukani.

Ufunguo wa kusainia programu yenyewe uhifadhi kwa uangalifu uleule unaowadai watumiaji wako. Kwa faili unazozisambaza mwenyewe nje ya duka, ukiupoteza simu itakataa toleo jipya kukaa juu ya la zamani. Watumiaji watalazimika kuiondoa programu kwanza, na data ya pochi itaondoka nayo. Ndiyo maana programu inapaswa kumwomba mtumiaji ayarudie maneno yake ya kurejeshea, neno kwa neno, kabla ya kumwonyesha anwani yake ya kwanza ya kupokelea.